Jicho la mbwa likiingia ukungu: majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii zimetoka Simanjiro, Machame, Njiro, Moshi mjini na Sakina, na karibu zote zinaanza hivihivi: mbwa anaumwa macho, ameshawekewa dawa, hajapona. Tumechagua zile zinazohusu vimelea, tumezifupisha, na palipo na maswali mawili yanayofanana tumeyaunganisha.

Macho yote mawili yamekuwa kama maziwa

*Shikamoo daktari. Nina mbwa wa kienyeji wa kuchungia, umri kama miaka mitatu. Tulipeleka ng'ombe malisho ya upande wa Tarangire, tukarudi mwezi uliopita. Sasa macho yote mawili yana weupe wenye ubuluu, amekonda, na chini ya taya kuna matezi. Dukani nilipewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, nimempaka wiki mbili bila nafuu. Je, ni mtoto wa jicho? Na mimi naweza kuambukizwa kwa kumshika?* Mfugaji, Terrat, Simanjiro

Marahaba. Si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hukaa ndani ya mboni. Ukimulika tochi kutoka pembeni unauona weupe ukiwa ndani, wakati konea, yaani kile kioo cha mbele kabisa, bado inang'aa. Kwa unavyoeleza, kwa mbwa wako kioo chenyewe ndicho kimeingia ukungu. Na macho yote mawili kwa mpigo, pamoja na kukonda, matezi na safari ya porini, hapo tunaacha kuangalia jicho na kuanza kuuliza habari za damu.

Ugonjwa wa kwanza kuutafuta ni ndorobo, ambao wengine huuita nagana. Vimelea vyake, tripanosoma, huletwa na mbung'o, na Tarangire na vichaka vinavyoizunguka vina mbung'o wa kutosha. Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kukonda polepole kwa miezi. Mbwa hana uvumilivu huo, hasa akiwa na aina iitwayo *Trypanosoma brucei*, kwa sababu hiyo haikai kwenye damu peke yake. Hutoka kwenye mishipa, ikaingia kwenye nyama, kwenye ubongo na kwenye maji ya ndani ya jicho. Ndani ya jicho huleta uvimbe unaoharibu safu nyembamba ya seli nyuma ya konea. Kazi ya seli hizo ni kusukuma maji nje ili kioo kibaki kikavu na angavu. Zikishindwa, konea inanywa maji, inavimba na kugeuka rangi ya maziwa. Mafuta unayopaka nje hayafiki huko, ndiyo maana wiki mbili zimepita bure.

Cha kufanya ni kupima damu kabla ya sindano yoyote. Mtaalamu achukue damu ya mshipa kwenye chupa ya EDTA (ile yenye kifuniko cha zambarau) na tone jingine kutoka ncha ya sikio kwa ajili ya kupaka kwenye kioo cha hadubini. Chupa ikae kwenye ubaridi, isigande, na ifike maabara ndani ya saa chache, maana vimelea hivi hutambulika kirahisi vikiwa hai, vikijinyonganyonga katikati ya chembe za damu. Arusha kuna maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Omba damu izungushwe kwenye mrija mwembamba na pale juu ya chembe nyekundu paangaliwe kwa hadubini, kwani njia hiyo huona vimelea vichache ambavyo kioo cha kawaida hukosa. Omba pia kipimo cha wingi wa damu, yaani chembe nyekundu zinachukua asilimia ngapi ya damu. Kwa mbwa mzima ni asilimia 37 hadi 55. Mwenye ndorobo mara nyingi yuko chini ya hapo. Majibu yakirudi hayana kitu, pima tena baada ya siku mbili tatu, kwa sababu vimelea hupanda na kushuka kwenye damu kwa mawimbi.

Dawa inayopatikana kirahisi ni diminazeni, ile ya unga wa manjano ya ng'ombe. Hapa ndipo mbwa wengi huuawa na mkono wa mwenye nia njema. Pakiti ya gramu 2.36 ina gramu 1.05 za diminazeni yenyewe. Ikiyeyushwa kwa mililita 12.5 za maji safi ya sindano, pamoja na unga wenyewe hufika mililita 15, na kila mililita hubeba miligramu 70. Kipimo cha mbwa ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 1 kwa mbwa wa kilo 20, mara moja, ndani ya msuli. Usikisie uzito. Panda mzani ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako, toa. Dozi ikiwa maradufu, au ikirudiwa baada ya siku chache kwa kuona "haijafanya kazi", huweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Mbwa huanza kuyumba, kupepesa macho ovyo na kupata degedege, na kwa hali hiyo hakuna dawa ya kumrudisha. Kwa hiyo acha daktari wa mifugo ndiye amdunge. Sisi tumekupa hesabu ili uweze kuikagua.

Jambo la mwisho katika hili: diminazeni haipenyi vizuri kwenye ubongo wala kwenye jicho. Mbwa anaweza kula, kunenepa, kisha baada ya wiki kadhaa homa ikarudi kutokana na vimelea vilivyojificha. Rudia kipimo cha damu wiki ya pili, ya nne na ya nane. Ukungu ukianza kupungua utaona pembeni pakisafika kwanza, na huchukua wiki, si siku. Pengine hubaki kovu.

Ulitaka pia kujua kama unaweza kuambukizwa kwa kumshika. Hapana, anayeleta ni mbung'o. Lakini mbung'o aliyemuuma mbwa huko porini alikuwa na nafasi ya kukuuma na wewe, na aina moja ya vimelea hivi ndiyo inayoleta malale kwa binadamu. Aliyekuwa kwenye kambi ile akipata homa isiyoeleweka, aende hospitali na aseme wazi kwamba alikuwa kwenye mbung'o, la sivyo atapimwa malaria peke yake.

Nyuzi kwenye jicho la ng'ombe, tongotongo kwenye jicho la mbwa

*Ng'ombe wetu wa ndani anatoa machozi, na juzi tuliona kitu kama uzi mweupe kikitembea juu ya jicho. Sasa mbwa naye ana tongotongo. Je, amemwambukiza?* Mama mfugaji, Machame

Huo uzi wa ng'ombe, mama, ni mnyoo wa jicho, na kwa ng'ombe wa Afrika aina inayojulikana zaidi ni *Thelazia rhodesii*. Huletwa na nzi wa usoni, wale wanaong'ang'ania kunywa machozi. Nzi humeza viluwiluwi vya mnyoo kwenye jicho la ng'ombe mmoja, vikakomaa ndani yake, kisha akavishusha kwenye jicho la mwingine. Zizi lililobanana na migomba, samadi imelundikana mlangoni, ni kiwanda cha nzi hao.

Mbwa ana mnyoo wake mwingine wa ukoo huohuo, *Thelazia callipaeda*, anayejulikana Asia na Ulaya, na kule husambazwa na visubi vya matunda. Mbwa aliyezaliwa na kukulia Machame, ambaye hajasafiri, tongotongo zake zina sababu nyingine nyingi za kutangulia: vumbi, kope lililopinda ndani, jicho kavu, kidonda cha mwiba. Aliyeletwa kutoka Ulaya, huyo aangaliwe minyoo kwa makini.

Hata hivyo kuangalia hakugharimu kitu. Mtu mmoja amkumbatie mbwa, kichwa kikiegemea kifua. Wewe simama ubavuni. Weka kidole gumba juu ya kope la juu likiwa limefumba, bonyeza mboni kwa upole kabisa kurudi ndani, na kile kipande chekundu cha kwenye kona ya karibu na pua kitainuka kufunika jicho. Hilo ndilo kope la tatu, na minyoo hupenda kulala chini yake. Mulika tochi. Ute wa tongotongo ukiuvuta kwa pamba yenye maji hunyumbuka na kukatika; mnyoo hakatiki, na akiguswa na mwanga au maji hujikunja. Urefu wake kwa mbwa hauzidi sana sentimita moja na nusu.

Kama yupo, asivutwe kwa kibanio jicho likiwa halijatiwa ganzi, kwa sababu mbwa akirusha kichwa ncha ya kibanio inachana konea. Daktari huweka matone ya ganzi, husubiri dakika moja, kisha husafisha kwa bomba la mililita 20 lisilo na sindano lililojaa maji ya dripu ya chumvi (asilimia 0.9), akielekeza maji chini ya kope la tatu. Minyoo huelea hadi pembeni, na hapo huokotwa kwa pamba iliyoloweshwa. Waweke kwenye kichupa chenye spiriti wapelekwe maabara, maana jina la mnyoo ndilo linalosema ametoka wapi. Kusafisha peke yake huacha wale wadogo, kwa hiyo hufuatiwa na dawa: milbemisini miligramu 0.5 kwa kilo, mara mbili kwa tofauti ya wiki moja, au moksidektini ya kudondoshea shingoni.

Ng'ombe naye atibiwe. Mweleze daktari kama anakamuliwa, maana dawa kadhaa za minyoo hukaa kwenye maziwa na kipindi cha kumwaga si kifupi. Samadi ihamishwe mbali na zizi kila wiki, au ifunikwe.

Onyo moja hapa. Kukiwa na uzi unaoelea *nyuma* ya kioo, ndani ya jicho lenyewe, usipige dawa ya minyoo hata tone moja. Mnyoo akifia ndani, jicho linaweza kuvimba hadi kupotea. Huyo hutolewa kwa upasuaji.

Mtoto wa mbwa amevaa miwani

*Mbwa wangu wa miezi mitano, mchanganyiko wa German Shepherd, amenyonyoka manyoya kuzunguka macho kama amevaa miwani. Hajikuni. Jirani anasema nimdunge ivamektini ya ng'ombe mililita moja. Yeye aliwahi kumdunga wake akapona.* Njiro, Arusha

Tuanze na hesabu ya jirani. Ivamektini ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, na ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kila kilo 50. Mtoto wako akiwa na kilo 10, mililita moja ni mara tano ya kipimo cha ng'ombe. Akiwa na kilo 5, ni mara kumi. Wapo mbwa wanaostahimili, huenda wa jirani alikuwa mmoja wao. Wengine wana hitilafu ya kurithi katika kizuizi kinacholinda ubongo, na kwao hata kipimo cha kawaida cha ng'ombe ni sumu. Collie ndiye anayesifika kwa hilo, lakini hitilafu hiyo imeonekana pia kwa baadhi ya German Shepherd, na kwa mchanganyiko huwezi kujua kwa kumtazama. Dalili huanza ndani ya saa chache: mboni kupanuka, mate, kuyumba, upofu, kisha usingizi mzito. Hakuna kiondoa sumu. Kinachobaki ni dripu, joto, na kumgeuza ubavu kila saa chache, pengine kwa siku nyingi.

Sasa hiyo miwani. Kunyonyoka bila kujikuna kwa mbwa wa umri huo kwa kawaida ni utitiri aina ya *Demodex*, unaoishi ndani ya vishimo vya manyoya. Aliupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya. Hauambukizi watoto wako wala mbwa wa jirani. Hapo ndipo unapotofautiana na upele wenye muwasho mkali, unaoanzia ncha za masikio na viwiko, ambao humpata hata mtu.

Uhakika hupatikana kwa kukwangua. Ngozi hufinywa ili utitiri usogee juu, hukwanguliwa kwa wembe butu hadi tone la damu litokeze, kisha mkwaruo huwekwa kwenye tone la mafuta chini ya hadubini. Mkwaruo wa juujuu haufai kitu, utitiri hauko juu.

Yakiwa ni mabaka mawili matatu tu, mengi huisha yenyewe ndani ya wiki sita hadi nane mbwa akilishwa vizuri na kutolewa minyoo ya tumbo. Yakisambaa, dawa bora leo ni vidonge vya kundi la fluralana na afoksolana. Ukiona vimekuzidi bei, ipo amitrazi, ileile ya kuogeshea ng'ombe, lakini ina masharti. Ya asilimia 12.5 changanya mililita 2 kwa lita 1 ya maji (hiyo ni asilimia 0.025), kila baada ya wiki mbili, nje penye hewa, ukiwa na glavu. Paka kwa sponji bila kusuuza, akauke kwa upepo, na asilambe. Mchanganyiko uliobaki usiuweke wiki ijayo, umwage mbali na maji na nyuki. Aliye chini ya miezi minne asipakwe. Kuzunguka macho usiipake kabisa, hata baada ya kumpaka mafuta ya kulinda jicho; sehemu hiyo hutibiwa kwa kidonge. Akilegea na kusinzia siku nzima baada ya kuoga, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni, umpeleke kwa daktari.

Damu ndani ya jicho, damu puani

*Mbwa wa ulinzi, kilo kama 30, ana kupe wasioisha. Jana jicho moja limekuwa jekundu ndani, si pale pembeni, na leo damu imetoka puani. Nimempa nusu ya diklofenaki.* Majengo, Moshi

Usirudie hiyo diklofenaki. Kwa mbwa huchoma tumbo na figo, na kwa anayetoka damu huongeza tatizo lilelile. Aspirini na ibuprofeni vivyo hivyo.

Kupe pamoja na damu puani ni picha ya erlikia. Kwa usahihi si kimelea bali ni bakteria, ila mbebaji wake ni kupe wa kahawia wa mbwa, kwa hiyo tumeruhusu barua hii ipite. Bakteria hushambulia chembe nyeupe, na vigandisha damu hupungua hadi mishipa midogo inavuja: ufizi, pua, tumbo chini ya ngozi, na jicho. Damu ikikaa nyuma ya retina, yaani utando wa ndani kabisa unaopokea mwanga, inaweza kuibandua. Hapo mboni hubaki imepanuka hata ukimulika tochi, na kuona huenda kusirudi. Mpeleke leo, usingoje Jumatatu.

Tiba ni doksisaiklini miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28. Kwa kilo 30 ni vidonge vitatu vya miligramu 100, vikitolewa pamoja na chakula na kufuatiwa na maji, maana kidonge kikikwama kooni huchoma. Kosa linalojirudia ni kuacha siku ya saba kwa sababu homa ilishuka siku ya tatu. Ugonjwa hurudi ukiwa sugu, umeshaingia kwenye uboho, na damu haipandi tena kirahisi.

Kuhusu kupe wasioisha: huyu wa kahawia haishi kwenye nyasi kama kupe wa ng'ombe. Akishiba hushuka, akapanda ukuta wa banda na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa na chini ya dari. Ukimwogesha mbwa ukaacha banda, umefanya nusu ya kazi. Ziba nyufa kwa saruji, nyunyizia kuta na dari mbwa akiwa nje, rudia baada ya wiki mbili ili kuwapata walioanguliwa. Aliyeng'ata kope la jicho asimwagiwe mafuta ya taa. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota.

Mtoto mdogo na mbwa wa nyumbani

*Nimesikia minyoo ya mbwa inaweza kumpofusha mtoto. Nina mwana wa miaka mitatu, na mbwa wetu amezaa. Niwaondoe?* Sakina, Arusha

Huna haja ya kuwaondoa. Mnyoo unaomsikia ni *Toxocara canis*, na njia yake ni udongo. Mayai yaliyomo kwenye kinyesi kibichi hayaambukizi. Yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo wenye unyevu, na yakishaiva hudumu miaka. Mtoto akila udongo huo, kiluwiluwi hutoboa utumbo na kutangatanga mwilini, na mara chache huishia kwenye jicho, kwa kawaida moja tu. Mtoto huanza kengeza, au mboni huonekana nyeupe kwenye picha ya simu. Ukiona hivyo nenda kwa daktari wa macho wa watu. Hospitali ya KCMC pale Moshi ina idara ya macho.

Mbwa wachanga huzaliwa wakiwa nao tayari, kupitia kondo la nyuma, na huongezewa kwenye maziwa. Kwa hiyo usingoje miezi mitatu. Wape piranteli miligramu 5 kwa kilo wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita, baadaye kila miezi mitatu. Mama yao apewe siku zilezile anazopewa wanawe, kwani huwalamba na kumeza mayai upya. Kinyesi kiokotwe kila siku, kitupwe chooni, kisiende kwenye bustani ya mchicha. Rundo la mchanga wa ujenzi lililobaki uani lifunikwe turubai. Mbwa hulipenda kwa haja, watoto hulipenda kwa michezo.

Kwa wote mliouliza kuhusu matone ya binadamu

Kloramfenikoli na tetrasaiklini za macho haziwezi kumdhuru mbwa kwa siku chache. Zenye deksamethasoni au betamethasoni ni jambo lingine: kama konea ina kidonda, huzuia kisipone na jicho linaweza kutoboka ndani ya siku mbili. Soma maandishi madogo kwenye kichupa. Daktari huweka kwanza rangi ya fluoresini, na palipochubuka panang'aa kijani. Mpaka hapo papimwe, suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1 kwa vijiko vidogo vya chai kimoja na nusu vya chumvi, na umzuie kujikwaruza. Ndoo ndogo ya rangi ya plastiki, iliyosafishwa na kukatwa kitako, ikifungwa kwenye mkanda wa shingo inatosha kabisa. Sukari, tumbaku na chumvi kavu, ambavyo bado vinapulizwa machoni mwa mifugo huku kwetu, huchubua konea na kufanya uchunguzi wa kesho yake uwe mgumu maradufu.